Mchanga Uliokunywa Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ilianza na jua zuri. Mvua ilikuwa imenyesha karibu wiki nzima, na asubuhi hiyo ikakatika. Baba yako Ilunga alisimama mlangoni, akatazama mbingu kwa muda, akasema leo ataliponya shamba. Mimi nilikuwa mjamzito, na wewe ndiye uliyekuwa tumboni.

Sijawahi kukusimulia siku hiyo yote. Ulipokuwa mdogo nilikuambia tu kwamba baba yako alifia shambani, nawe hukuuliza zaidi. Lakini juzi ulikuja na wenzako wa mgodini, mkasimama kwenye lile shamba letu nje ya Manika, nikawasikia mkisema mtachimba mfereji wa kina sasa hivi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Ndiyo maana ninaandika. Shule yangu iliishia chini, na tangu baba yako aondoke nimezoea kunyamaza, lakini hili nitalifikisha mwisho.

Shamba hilo tulilipata kiangazi. Ardhi ilikuwa mchanga mweupe, laini, jembe linaingia bila shida. Hapakuwa na miti, nyasi tu, nasi tukadhani tumepata bahati kwa kuwa hakuna kisiki cha kung'oa. Baba yako alikuwa mchimbaji wa madini kama wewe. Siku moja anapata, siku nyingine anarudi na vumbi tu, kwa hiyo alitaka tule kutoka shambani.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa Tata Muteba, mzee aliyehamia huku kutoka Sandoa. Alikuja kutusalimia, akamwomba baba yako achimbe kidogo tu, kina cha mkono. Juu tukaona mchanga wa rangi ya majivu. Chini yake kulikuwa na madoa mekundu kama kutu ya bati. Chini zaidi jembe likagonga jiwe jekundu, likakataa kuendelea. Mzee akatueleza kwamba pale penye madoa ndipo maji yanapokaa kila mwaka, kwa sababu lile jiwe haliyaruhusu kushuka, na kwamba miti haipo kwa sababu hiyohiyo. Tulimsikiliza vizuri. Lakini hatukuwa na shamba lingine, tukapanda mahindi na mihogo.

Mvua zilipokolea tukaona alichokisema. Maji hayakuja na kelele kama mto. Yalipanda kutoka chini, polepole, mpaka ukikanyaga, alama ya mguu wako inajaa. Mahindi yakaanza kuwa manjano kutoka majani ya chini. Nikang'oa bua moja: mizizi ilikuwa mifupi, imetambaa pembeni kama inayoogopa kwenda chini, na inanuka yai bovu. Halafu kuna jambo lililonishangaza. Mvua ikisimama siku chache, mchanga wa juu unakauka upesi, na mahindi yananyauka kwa kiu saa sita mchana, wakati maji yako palepale chini yake. Mihogo nayo ikaanza kulainika. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka, na kulikuwa na mtoto njiani.

Kwa hiyo asubuhi ile baba yako alichukua beleshi na mtarimbo wake wa mgodini. Mpango wake aliueleza kwa furaha: atachimba shimo refu katikati ya shamba, pale maji yalipojaa zaidi na jiwe liko chini zaidi, alivunje lile jiwe jekundu, na maji yote yashuke yaende zake. Ndivyo mchimbaji anavyofikiri, mwanangu. Kwake kila tatizo lina mwisho ukishuka vya kutosha.

Tata Muteba alimwona, akaja na gongo lake. Akamsihi asubiri kiangazi. Akasema kwa sasa tuinue matuta, tuuache ule upande wa chini ambao umeshakufa, tuokoe unaoweza kuokoka. Baba yako akacheka, si kwa dharau, alimpenda yule mzee.

"Tata, mi nilishalala chini ya udongo, fasi hata panya inaogopa kuingia," akasema. "Huu muchanga ya mihogo itanifanya nini?"

"Kule kwenu iko majiwe, inasimama," mzee akajibu. "Hii imekunywa maji. Haina mufupa."

Baba yako akamwambia aende akapumzike, jioni atamletea habari njema. Mzee hakuondoka. Alikaa juu ya tuta, akitazama.

Nilikuwa juu nikivuta ndoo. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Baba yako alizikata kuta wima, zikanyooka kama za mgodini, na kwa juu zilishika kwa sababu mchanga ulikuwa na unyevu wa kadiri. Shimo lilipomfika kifuani, maji yakaanza kutoka pembeni mwa miguu yake. Alipozama mpaka kichwa hakionekani, niliona mchanga wa chini umekuwa kama uji, kila anapotoa beleshi moja, pale panajaa tena. Nikamwambia kuta zinatoa jasho. Akaniambia nivute tu ndoo, amelisikia jiwe.

Nilitazamia mlio, lakini haukuja. Ukuta mmoja ulikaa chini tu, taratibu, kama mtu aliyechoka, na baba yako akawa amefunikwa mpaka kifuani.

Alicheka kwanza. "Nipe mkono, mama," akasema. Nikalala kifudifudi, nikampa. Nikavuta. Hakusogea hata kidogo, ni kama nilikuwa nimeushika mti. Hapo akaacha kucheka.

Watu wakaja mbio kutoka mashamba ya jirani, na vijana wa kikosi chake cha mgodini waliokuwa kambini karibu. Walikuwa watu hodari, walishatoa wenzao chini ya mawe mara nyingi. Kule unamfunga mtu kamba, mnavuta wote pamoja. Wakarusha kamba, wakajipanga ukingoni. Kila mmoja alipokanyaga, mchanga mwingine ulishuka.

Tata Muteba akaingia kati yao, akamshika wa kwanza kwa shati.

"Muache kumuvuta. Mutoke wote pa ukingo," akasema. "Munamuongezea muzigo."

Akaagiza mlango wa nyumba yetu na bati la jikoni. Bati akalichomeka ukutani kuuzuia mchanga, akaulaza mlango kando ya shimo, akalala juu yake yeye mwenyewe, mzee wa umri ule, akaanza kuchota mchanga kifuani kwa baba yako kwa sufuria yangu. Vijana akawatuma upande wa chini wa shamba, wafungue njia fupi kuelekea bondeni, waanzie kule kwenye mteremko na kupanda kuja kwetu, ili maji yatoke kwanza. Wengi walikwenda. Alikuwa anazungumza na baba yako kwa sauti ndogo, akimwambia asipige miguu, apumue juujuu, atikise unyayo mmoja tu polepole. Baba yako alitii. Nilimwona anatii. Baada ya muda kiuno kikaonekana, na akaniangalia akasema mguu wa kushoto unasikia maji, unaanza kulegea.

Kwa upande wa Kisenge, magharibi, mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi. Matone ya kwanza yakatupiga mgongoni. Vijana wawili wa kikosi, waliokuwa wamebaki, waliona mvua wakashindwa kujizuia. Walimpenda rafiki yao. Wakaruka ukingoni, wakaikamata kamba, wakavuta kwa nguvu zao zote.

Ukuta wa pili uliangukia pale walipokuwa wamesimama. Wao walitupwa nyuma. Baba yako alikuwa chini yake.

Tuliendelea kuchota mpaka tukampata. Sitakuandikia alivyokuwa. Nitakuandikia tu kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umefunguliwa, haukukunja ngumi.

Kwenye kilio watu walianza kusema kwamba Tata Muteba alijua mno, na anayejua mno ndiye aliyefanya. Walisema ameliroga shimo ili shamba liwe lake. Siku ya maziko ndugu wa baba yako walikuwa wameshaanza kwenda kwake na fimbo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na kwa desturi yetu mjane haongei. Nikasimama. Nikawaambia kwamba mume wangu alionywa na akakataa, kwamba mzee alilala ukingoni wakati wenye nguvu wamesimama mbali, na kwamba kilichomuua Ilunga ni mchanga wenye maji. Kulisema mbele ya mama yake mzazi lile neno, kwamba alikataa, kuliniuma kuliko kumzika. Lakini wakarudi nyuma, wakamwacha mzee.

Kiangazi kilichofuata, wewe ukiwa mgongoni mwangu, Tata Muteba alinionyesha jinsi ya kuliongoza lile shamba, na ndilo lililokulisha mpaka ukawa mtu mzima. Kwa hiyo usilichukie. Si shamba baya. Lina tabia zake, na hazijifichi kwa mtu anayetazama.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe na wenzako. Mvua hii iacheni ipite. Inueni matuta juu, na upande wa chini mpande mpunga au muuache upumzike. Mbolea msiimwage yote kwa mara moja, mchanga ule hauishiki. Wekeni kidogo kidogo pamoja na samadi na majani yaliyooza. Kiangazi kikifika, maji yakiwa yameshuka, ndipo mchimbe, na mwanzie bondeni mkipanda juu, ili maji yawe na pa kwenda tangu siku ya kwanza. Mfereji usipite goti. Uwe mpana, na kingo zake zilale kama mgongo wa ng'ombe, zisisimame. Lile jiwe jekundu liacheni mahali pake.

Na ikiwa siku moja, mahali popote, mtu amenaswa na mchanga uliolowa, mkiwa na nguvu zote duniani, rudini nyuma. Laza mlango, lala juu yake, toa mchanga, toa maji. Najua mikono itawawasha kuvuta. Wale wawili hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao bado ananiletea unga kila Noeli, na mpaka leo hawezi kukaa muda mrefu nyumbani kwangu.

Wewe una mikono ya baba yako, nimeitazama sana juzi ulipokuwa umeshika beleshi. Mungu akupe na uvumilivu ambao yeye hakuupata siku ile. Akulinde chini mgodini na juu shambani, ardhi ikukubali ungali hai, ule ulichopanda, na unizike mimi, mwanangu, si mimi nikuzike wewe.