Picha Zilizorudi Bila Vichwa

Nilizima ulinzi wa kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu watu nikiwasimulia hunionea huruma kana kwamba niliibiwa nikiwa usingizini. Sikuwa usingizini. Ilikuwa asubuhi, nimeshakunywa chai, Kibondo inanyesha ile mvua nyembamba isiyojua kukoma, na studio haina mteja. Programu yangu ya kusafishia picha ilikuwa imekwisha muda wake. Nikatafuta mtandaoni nyingine ya bure, nikaipata, na maelekezo yake yakasema zima kwanza antivairasi, la sivyo itakusumbua. Nikazima. Nilikuwa na picha za harusi ya mtu wa Kakonko zilizokuwa zimechelewa wiki mbili, zimebaki chache za kusafisha, nimechoka kupigiwa simu, nataka kazi iende.

Ilikwenda kwa nusu saa hivi. Halafu zile picha ndogo ndogo zinazoonekana ndani ya folda zikaanza kugeuka karatasi nyeupe, moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini. Nilidhani kompyuta imezidiwa. Nilipotazama majina, kila jina lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni, herufi zisizo na maana katika lugha yoyote niijuayo. Nikabofya picha ya bibi harusi. Haikufunguka. Nikabofya ya pili, ya tatu, kama mtu anayegonga nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama.

Ndipo nikafanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa na nakala. Miaka yote nilikuwa nazihifadhi kwenye hadidiski ya nje, ndani ya droo, nimeizungushia kitambaa. Nikaichomeka pale pale, ili nijitulize moyo tu kwamba zipo. Zilikuwepo. Kisha nazo zikaanza kuwa nyeupe. Kufikia nilipoelewa ninachokiona na kuuchomoa waya, zilikuwa zimekwisha zote.

Katika kila folda kulikuwa na barua fupi. Niliisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Ilikuwa na adabu. Ilinitaka nisiwe na wasiwasi, ikasema faili zangu zote zimefungwa kwa ufunguo na kwamba ufunguo unauzwa kwa dola, tena kwa nusu bei nikiwahi ndani ya siku tatu. Fedha yenyewe ilikuwa inazidi thamani ya kila kilichokuwa mle studio, kuanzia kamera hadi kiti. Nikaichomoa kompyuta kwenye umeme, nikakaa, nikaitazama mvua.

Ilikuwa kazi ya miaka kumi na moja. Harusi, ubatizo, mahafali, misiba, na wakimbizi wa kambi ya Nduta. Wakati soko la pamoja la wakimbizi na wenyeji lilipokuwa bado wazi, familia kutoka kambini zilikuwa zikija kupiga picha wakiwa wote, baba, mama, watoto waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa, na wengi wao baadaye walirudi Burundi. Walikuwa wananiambia niwatunzie, kwa sababu karatasi hupotea safarini. Nikawa nawajibu kwamba kwangu hazipotei.

Siku iliyofuata fundi mmoja wa pale mjini aliniambia suala hili ni dogo, anapiga windo, yaani Windows, upya, kirusi kinaondoka, kompyuta inakuwa mpya. Nikamuuliza picha je. Akasema picha zitafutika, lakini kompyuta itapona. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kumkubalia. Kilichonizuia ni mama mmoja wa Busunzu.

Alikuwa amefiwa na mumewe wiki tatu kabla. Familia yao ni ya wale waliokuja zamani wakikimbia Burundi, wakalima hapa, wakapewa uraia. Mumewe alikuwa mtu asiyependa kamera. Tangu utoto wake, kupigwa picha kulimaanisha kuhesabiwa kwa ajili ya kadi ya mgao wa chakula. Alikubali mara moja tu, siku binti yao alipopata kipaimara, na mpigaji nilikuwa mimi. Picha waliyoitundika ukutani ilikuwa imelowa paa lilipovuja, uso umebabuka wote. Mama alikuwa ameniomba nimtolee nyingine, kubwa, kwa ajili ya siku ya kumaliza kilio, nami nilikuwa nimemwambia haina shida, ipo kwenye kompyuta.

Basi nikaifunga ile sipiyu ndani ya kitenge, nikapanda nayo gari la Kasulu, nimeipakata.

Fundi niliyeelekezwa Kasulu ana duka la simu na kompyuta nyuma ya msikiti, mtu mzima, asili yake pwani, mwenye mazungumzo ya taratibu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinikaribisha kiti na kahawa kabla hajauliza lolote. Nilipomaliza kueleza hakunilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Aliniambia kwamba kosa la kuchomeka nakala hufanywa na karibu kila mtu anayemletea kazi hii, na sijui kama ilikuwa kweli au aliniokoa aibu.

Aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake nyingine isiyo na mtandao, akakitafuta kirusi na kukiondoa pamoja na vitu vyote vilivyokuwa vimejificha nacho. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Nilipoona maandishi ya kijani yakisema safi, nilifurahi. Akanigeukia.

"Dada yangu, usifurahi bado," akasema. "Mwizi nimemtoa ndani. Lakini funguo ameondoka nazo."

Akanieleza kuwa zipo programu za bure, zimetengenezwa na watu wanaopambana na virusi hivi, zinazoweza kufungua faili za namna hiyo, lakini si zote. Kirusi kikikosa mtandao wakati wa kufunga, hutumia ufunguo mmoja wa wote, na huo umeshajulikana. Kikiupata mtandao, hutengenezwa ufunguo wa peke yake kwa kila mtu. Siku ile mtandao wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Tulijaribu hata hivyo. Ile programu ilipita faili moja moja, na mbele ya kila faili ikaandika mstari ule ule: haiwezekani. Tulikaa tukiitazama ikiandika, kama watu wawili wanaosikiliza majina ya marehemu yakisomwa redioni. Alasiri ilipoingia alikwenda kuswali, akarudi, ilikuwa bado inaandika.

Nilimuuliza kuhusu kulipa. Akasema uamuzi ni wangu, ila yeye amewahi kuona mteja aliyelipa, akaletewa ufunguo usiofungua, kisha akaombwa aongeze. Halafu akanikataza nisifute chochote. Alizinakili faili zote zilizofungwa kwenye diski nyingine, akabaki nayo, akasema kilichofungwa leo huenda mwaka mwingine kikafunguliwa, lakini kilichofutwa hakina mwaka wake.

Nilirudi Kibondo na kompyuta nzima isiyo na kitu ndani.

Mama wa Busunzu alikuja Jumatatu, kwa miguu na kwa pikipiki, viatu vimejaa tope jekundu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalinipotea yote.

"Mama," nikasema, "zile picha zimefungwa. Siwezi kuzifungua."

"Nani amezifunga?"

"Simjui. Yuko mbali. Hata nchi yake siijui."

Akafikiri. "Anataka nini?"

"Anataka hela."

Alikuwa ameketi, kitambaa cha msiba kimefungwa kichwani, mikono mapajani. Kisha akauliza bila hasira, kama anayetaka kuelewa tu, "Sasa yeye picha ya mume wangu ataifanyia nini?"

Alikuwa na kitambulisho cha taifa cha marehemu, tukajaribu kuikuza picha ile ndogo. Akatoka mtu wa kijivu, macho mawili meusi, anayetisha. Mama aliitazama akasema huyo siye, akakirudisha kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki, akaukunja mara nne. Akaniambia nisijisumbue. Afadhali angenigombeza.

Baada ya siku kama kumi fundi wa Kasulu alinipigia. Alikuwa ameendelea kusoma, kwa hiari yake, hakuna aliyemtuma. Akasema kirusi hiki kina haraka. Hakifungi faili nzima. Hufunga kipande cha mwanzo tu, kisha hukimbilia faili nyingine. Kwa hiyo faili ikiwa kubwa, sehemu yake ya chini imebaki salama, ila haifunguki kwa kuwa kichwa chake, yale maelezo ya mwanzo yanayoiambia kompyuta jinsi ya kuisoma, kimeharibika. Akataka nimpelekee kamera ile ile niliyopigia, ili achukue kichwa cha picha nzima na kukiunganisha na mwili wa ile iliyojeruhiwa.

Nilikwenda. Tulikaa siku mbili, yeye akiunganisha, mimi nikitazama na kumwambia hii ni nini na hii ni nani. Picha ya kwanza iliyofunguka ilikuwa ya mahafali. Utepe mwembamba wa juu ulikuwa wa kijivu, umekula anga na kipande cha bati la shule, lakini chini yake watoto wote walikuwepo. Nilishika mdomo. Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Furaha ile haikufika jioni. Picha kubwa, zile zilizotoka kwenye kamera bila kuguswa, zilipoteza utepe wa juu tu. Lakini mazoea yangu kwa miaka yote yalikuwa kuchagua picha nzuri, kuisafisha, kuipunguza ukubwa, kisha kuifuta ile ya asili ili nafasi isijae. Zile nzuri zote zilikuwa ndogo. Na kwa picha ndogo, kipande kinacholiwa ni nusu, au zaidi ya nusu. Zilirudi zikiwa mikunjo ya suti, mikono iliyoshika maua, magauni, viatu. Familia za Nduta, ambazo nilizisafisha kwa uangalifu kuliko zote, zilirudi zikiwa safu za miguu ya watoto kwenye busati langu la studio. Nilizitazama moja moja mpaka fundi akaniambia, kwa upole, tupumzike.

Zilizobaki karibu nzima zilikuwa zile nilizozikataa. Aliyefumba macho, aliyegeuka, aliyekuwa anapita nyuma. Hizo sikuzisafisha, na kuzifuta nilikuwa nimesahau.

Mume wa yule mama tulimpata humo. Katika picha niliyowachapishia alisimama wima kama askari, na sasa ilikuwa imebaki kuanzia mkanda kwenda chini. Lakini palikuwa na moja niliyoiacha: binti katikati na gauni jeupe, mama akirekebisha kitambaa, na yeye amegeuza uso upande, mdomo wazi, katikati ya neno. Utepe wa kijivu ulikuwa umekula miti iliyokuwa nyuma yake. Kichwani haukumgusa.

Niliikata utepe, nikaichapisha kubwa, nikaipeleka Busunzu mwenyewe. Kilio kilikuwa kimeshamalizwa siku nne kabla, bila picha. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo mlangoni penye mwanga.

"Ego," akasema, yaani ndiyo, ndiye. Baada ya muda akauliza, "Huwezi kumfunga mdomo?"

Nikamwambia kwa sasa sina programu ya kufanyia hivyo, na ile ya bure siigusi tena. Nikamwahidi nikinunua halali nitajaribu.

Aliendelea kuitazama. "Alikuwa ananiuliza tunaondoka saa ngapi," akasema. "Siku nzima alikuwa anauliza hivyo. Alikuwa hapendi watu wengi." Kisha akasema niuache mdomo ulivyo, ila nisimwonyeshe shemeji yake, maana atasema marehemu amedhalilishwa. Akanipa maharage ya kwenda nayo, nikakataa, akanipa tena.

Si wote waliokuwa hivyo. Mtu wa Kakonko nilimkabidhi harusi yake ilivyorudi, nyingi miguu, chache nyuso za wageni waliofumba macho. Alizipitia zote akiwa amesimama, akaziacha mezani, akatoka. Mkewe alizifuata mwezi uliofuata bila yeye kujua. Baadhi ya wateja wa zamani walinirudishia picha kutoka kwenye simu zao, zenye ukungu, zilizotumwa na kutumwa tena, nami nazihifadhi hivyo hivyo. Wale waliovuka mpaka kurudi kwao, namba zao nyingi hazipatikani tena.

Siku hizi nina nakala mbili. Moja iko kwa dada yangu mtaa wa pili, na haichomekwi ila siku ya kuongezea, kompyuta ikiwa imekatwa mtandao. Kazi nyingi ninazopata ni picha za pasipoti na za vitambulisho. Bado wapo wanaokuja kutafuta za miaka ile, wamevaa vizuri, wameshika tarehe kwenye karatasi. Mwanzoni nilikuwa nawakaribisha kiti, nawauliza za nyumbani, naifungua kompyuta polepole nikitafuta pa kuanzia. Sasa nawaambia kwamba zimepotea, pale pale mlangoni, kabla hawajaketi.