Siku Muziki Ulipokosa Ruhusa Buseresere

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba spika kutoka stendi ya Kahama hadi ukumbi wa sherehe, na nawaambia vijana bila kuongeza chumvi kwamba spika ile ilikuwa nzito kuliko kabati la padri. Nilipoitua nilikuwa nimepungua urefu. Mpaka leo suruali zote ninazonunua lazima zikatwe.

Mwajiri wangu alijiita Mkurugenzi Mkuu. Kampuni ilikuwa na watu watatu: yeye, mimi, na Mkuu wa Usafirishaji, ambaye alikuwa mwenye guta, ile baiskeli ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Mkurugenzi alinitazama nikihema, akaniuliza:

"Kijana, unajua kazi ya DJ?"

"Kupiga muziki, bosi."

"Muziki hata redio inapiga. Kazi ya DJ ni kumtazama mama mwenye shughuli. Akikunja uso, badilisha wimbo. Akivua viatu, usiguse kitu chochote, hata kama nyumba yako inaungua."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa ajira. Nilianza enzi za kaseti, tukirudisha utepe nyuma kwa kalamu, nikaingia enzi za CD, nikafika enzi za flashi. Nilijifunza mixa, kile kibao chenye vitufe vya kupandisha besi na kushusha sauti kali. Nilijifunza kuiweka maiki mbali na spika, kwa sababu vikitazamana hutoa mlio wa kutoboa meno. Nilijifunza pia kulinganisha mwendo, yaani kuuharakisha wimbo mmoja kidogo ili uungane na mwingine, mchezaji asijikwae katikati. Tulipiga Kahama, tukapiga kwa wafanyakazi wa migodini kule Buzwagi, tukapiga Segese kwa wachimbaji wadogo, watu ambao duara, yaani shimo lao la dhahabu, likitoa mwamba mzuri hucheza mpaka vumbi linaomba msamaha.

Kilichonibadilisha ni masomo ya jioni. Nilijiandikisha nikiwa na ndevu, nikaketi dawati moja na fundi cherehani na mama muuza dagaa. Siku moja Mwalimu wa Uraia alifundisha hakimiliki. Alisema wimbo ni mali, na mwenye mali huombwa. Kwa maelezo yake, flashi moja ya Mkurugenzi, iliyojaa nyimbo zisizoombwa, ilitosha kufunga jela kata nzima.

Kwa hiyo nilipoanzisha biashara yangu Ushirombo, niliiita Radi Burudani, nikaianza kwa miguu yote miwili ndani ya sheria. Leseni ya biashara nilikata halmashauri. Leseni ya kupiga muziki hadharani nililipia panapohusika; hiyo hukuruhusu kupiga kazi za wasanii waliojiandikisha. Nyimbo nilinunua mtandaoni nikazihifadhi kwenye laptopu. Lakini msanii ambaye hajajiandikisha popote, huyo unamwendea mwenyewe nyumbani kwake, unakaa chini, unaomba. Nilibandika tangazo kwenye gari: "Muziki Wenye Ruhusa." Wenzangu walicheka hadi Runzewe.

Sasa, kuna wimbo ambao kila sherehe waliutaka. Ulikuwa wa Mzee Luhende wa Segese, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma wa Kisukuma. Hajawahi kuingia studio, wala ofisi yoyote haina jina lake. Nilikwenda kwake na kinasa sauti, sukari na blanketi. Akanisikiliza, akasema:

"Wimbo nitakupa, kama ninavyompa jirani ng'ombe amtunze. Maziwa kunywa. Lakini ng'ombe ni wangu. Usimkate mkia, usimkimbize. Na siku nikitaka kuja kumwona, nakuja."

Tukaandikishana, akaweka dole gumba, akaimba, nikarekodi. Nilidhani yale mambo ya ng'ombe ni mapambo ya maneno. Loo! Mzee alikuwa anakuja kweli. Nipo harusini, namwona huyo, kigoda kwapani, anaketi kando ya spika na kuweka kiganja juu yake kama mganga wa mifugo. "Anahema vizuri," ananiambia, anakula pilau, anaondoka.

Ndipo ikaja harusi ya Buseresere. Baba Kabula alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu mzito, ambaye wanunuzi wenzake wote wa ukanda ule walimfuata. Akikusifu, umepata harusi za miaka. Akikukataa, uza spika ukafuge kuku. Bintiye Kabula alitaka kuingia ukumbini kwa wimbo wa Mzee Luhende tangu mwanzo hadi mwisho. Baba naye akanivuta pembeni.

"DJ, ule wimbo una kipande cha wanunuzi wa dhahabu. Sikitaki."

"Mzee, siruhusiwi kukata."

"Wateja wangu wote, wachimbaji wanaoniuzia, watakuwemo ukumbini. Unataka wanicheke mbele ya wakwe?"

Nilimpigia simu Mzee Luhende nikamweleza. Akajibu: "Habari ya kukatwa mguu ng'ombe haijibiwi kwa simu. Nitakuja." Akakata.

Mchana wa harusi, ukumbi umejaa hadi madirishani, mzee hajatokea. Kabula akasimama mlangoni, mimi nikauachia wimbo. Wasukuma hatuna haraka na bibi harusi; hatua moja, anatulia, hatua nyingine, anatulia. Alipofika katikati ya ukumbi nikaona kigoda kinaingia, na nyuma ya kigoda Mzee Luhende. Akaketi kando ya spika.

Kile kipande kilikuwa kinakaribia. Baba Kabula kule meza kuu akapitisha kidole shingoni: kata! Nikamtazama Mzee Luhende. Akainua fimbo na kutikisa kichwa: usithubutu. Vijana, nawaambia, jasho lililonitoka siku ile lingemwagilia shamba la mpunga. Nikipiga, biashara yangu imekufa kwa Baba Kabula. Nikikata, nimevunja ruhusa mbele ya mwenye wimbo, na lile tangazo kwenye gari nilifute kwa mate.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Kabula akabaki kaning'iniza mguu mmoja kama korongo.

"DJ!" Baba Kabula akaita. "Umeme umekatika?"

"Umeme upo, mzee. Ruhusa ndiyo haipo."

Ukumbi ukalipuka. Shangazi mmoja akapiga kelele: "Mshusheni mtoto mguu jamani, atapata ganzi!" Kabula akaushusha mwenyewe, akageuza gauni lake lote, akamwendea Mzee Luhende, akapiga magoti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mchumba. Kumbe unaolewa na mwingine bila kuniaga."

"Ulichelewa kuleta mahari, babu. Sasa niambie, unataka nini?"

"Wimbo ufike mwisho wake. Basi."

Kabula akamgeukia baba yake. "Baba, harusi ni ya nani?"

"Ni yako, mwanangu, lakini..."

"Basi mimi nafika mwisho na wimbo. DJ, piga!"

Nikapiga. Kipande chenyewe kikaja, kwa Kisukuma, na kila aliyemo ukumbini alikielewa: kwamba mnunuzi wa dhahabu ana vidole kumi, tisa vya kulia ugali, cha kumi kimeajiriwa kwenye mizani.

Wachimbaji waliinuka wote kwa pamoja. Wakaanza kucheza kwa kunyoosha kidole kimoja na kukandamiza hewa, kandamiza, kandamiza, kama wanashusha upande wa mawe ya mizani ili dhahabu ionekane nyepesi. Mama Kabula, mke halali wa mlengwa, akavua viatu. Nikakumbuka mafunzo, sikugusa kitu.

Baba Kabula alisimama. Uso umeiva. Kwetu lakini, ukitaniwa kwenye ngoma ukakasirika, umekiri. Alijua hilo, na watu mia tatu walijua kwamba anajua. Akashusha pumzi, akatoka meza kuu, akanyoosha kidole chake mwenyewe, akakandamiza hewa mbele ya wateja wake. Walimbeba juu juu. Mahesabu yangu ni kwamba bati la ule ukumbi halijatulia mpaka leo.

Hata hivyo aliondoka bila kuniaga, nami nikaanza kuuliza bei ya vifaranga.

Sasa nimestaafu. Sikio la kushoto nimeliacha Segese, magoti nimeyaacha Kahama, na mashine ameichukua binti yangu, aliyekwenda kwanza kwa wenye nyimbo mmoja mmoja kuomba upya, kwa sababu ruhusa hairithiwi kama sufuria. Vijana wanaoanza wananiuliza kama kufuata sheria kunalipa. Nawajibu kwamba kunachosha, kunachelewesha, na kuna siku kutakusimamishia bibi harusi mguu hewani. Lakini unalala. Na wateja wanaokuja kwa sababu hiyo ni wateja wa ajabu, kama Baba Kabula mwenyewe.

Alinifuata Ushirombo wiki kadhaa baada ya ile harusi. "Wachimbaji wamehamia kwangu," akasema. "Wanasema mimi ndiye mnunuzi pekee niliyecheza. Nataka wimbo ule upigwe ofisini kwangu kutwa, na kile kipande kiwemo."

"Ofisini ni hadharani, mzee. Mwenye wimbo aombwe."

Tukaenda pamoja Segese. Mzee Luhende akamsikiliza kwa heshima, akakohoa.

"Wabeja, asante sana, Baba Kabula. Ruhusa nitatoa. Ila mimi ng'ombe wangu simpeleki mahali sijapaona. Twende sasa hivi nikaione hiyo ofisi. Na mizani."

Baba Kabula akasema hakuna shida, hakuna shida kabisa, ila aliomba kidogo akapige simu. Akazunguka nyuma ya nyumba. Sikio langu lililobaki ni zima, nikamsikia akimnong'oneza kijana wake wa ofisini:

"Ile ya kununulia iondoe mezani. Haraka. Weka ile ya kuuzia."