Redio Zenye Tumbo Wazi

Mimi plastiki ya kuonyesha ndani siipendi, na mtu asinifundishe kuipenda. Mume wangu Lukumani alitengeneza redio hapa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, miaka ishirini na miwili, na plastiki hiyo ndiyo iliyomharibia jina. Wanaosema ni maneno ya mke tu, waseme. Nilikuwepo.

Kwanza mjue fundi wa redio anavyoishi katika mji huu. Hakuna mteja anayeacha redio akaenda zake. Anakaa kwenye benchi, macho kwenye mikono ya fundi, tangu skrubu ya kwanza inatoka mpaka ya mwisho inarudi. Akibanwa na haja ndogo, anamwita mwenzake amshikie zamu. Wengine wanapaka alama ya rangi ya kucha kwenye vifaa vya ndani kabla ya kuleta redio, eti fundi asiwabadilishie kizima akawawekea kibovu.

Na Baba Shafiki, ndivyo ninavyomwita mume wangu, si mtu wa kuiba hata njugu. Sisi ni Wanubi, uzao wa askari. Baba yake alikuwa mtu wa simu za upepo jeshini, alimwachia koleo mbili na neno moja: kitu cha mtu ni cha mtu. Siku moja alipanda bodaboda mpaka kijijini Midia kumrudishia mzee skrubu iliyoanguka chini ya meza. Skrubu moja. Nilimwambia kichwa chake hakiko sawa, akaniambia mzee angeitafuta.

Sasa, mwaka juzi alikwenda mjini Arua kununua risasi ya kuchomelea nyaya. Dukani akaona redio ndogo yenye kasha la plastiki kama kioo, nyaya zote nje kwa macho. Akarudi anacheka peke yake.

"Kadijah, dawa ya watu hawa nimeipata," akasema. "Nitawapa dirisha. Waone wenyewe."

"Watu hawa ukiwapa dirisha watataka mlango," nikamwambia.

Hakusikia. Alileta mabaki ya plastiki ngumu kutoka kwa wachora mabango, akayakata kwa msumeno wa chuma juu ya meza yangu ya kupikia, akayakunja kwa pasi yangu ya makaa. Pasi ile mpaka leo inanuka na inashika nguo. Kasha la kwanza lilitoka limepinda. La tatu, haki ya Mungu, lilikuwa zuri.

Nisiwe mwongo, watu walilipenda. Taa ndogo ya kijani ikiwaka ndani, watoto wa mtaa mzima wanajaa mlangoni. Fundi mwenyewe anaona waya uliokatika kabla hajashika bisibisi. Na wale wauzaji wanaotia kipande cha saruji ndani ya spika ili iwe nzito mkononi, hawakutaka hata kusikia jina la mume wangu. Hapo nilifurahi, sikatai.

Lakini jua la Koboko halina urafiki na plastiki. Baada ya miezi michache kasha linageuka rangi ya mkojo. Ukikaza skrubu kidogo tu, linapasuka pembeni. Vumbi ambalo zamani lilikaa ndani kwa heshima zake, sasa kila mtu analiona. Mwalimu mmoja alirudisha redio inayoimba vizuri kabisa, kwa sababu mende alifia ndani karibu na betri, na mkewe hawezi kula chakula mende akimtazama.

Kibaya zaidi kilikuwa vifaa vya zamani. Fundi gani huku anatumia vipya tu? Baba Shafiki hununua redio zilizokufa, anatoa kilicho hai, anakitia katika nyingine. Chini ya kasha jeusi hakuna aliyeuliza. Sasa mtu anaona shaba yenye kutu, anaanza: "Fundi, hii iko mzee. Kwa nini uliweka mzee?" Na vingine vilikuwa bado na rangi ya kucha ya wenyewe wa kwanza. Nilimsihi aifute. Akasema mwenye kufuta alama ndiye mwizi.

Basi Acidri, katekista, akaleta mashine ya kukuza sauti ya kanisa. Kasha lilikuwa limevunjika na transfoma imeungua. Baba Shafiki akaweka transfoma kutoka redio iliyokufa, akafunika kwa plastiki yake. Jumapili ile waumini waliisifu mashine kuliko mahubiri. Ilikuwa juu ya meza, karibu na kwaya.

Katika kwaya yupo Sandra, mke wa Okuonzi. Alikuwa anaimba huku anatazama ndani ya mashine, akaona juu ya transfoma mistari miwili ya zambarau na nukta moja. Alama yake. Aliipaka kwa mkono wake kwenye redio kubwa ya kaseti aliyoachiwa na mama yake. Mumewe aliipeleka kwa fundi, na kila akiuliza, Okuonzi anamwambia fundi bado anatafuta kifaa.

Uongo. Okuonzi alimuuzia Baba Shafiki redio ile kama redio iliyokufa. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu vikombe viwili, akasema mkewe amekubali. Nilimmiminia mimi mwenyewe.

Jumatatu asubuhi walikuja. Sandra mbele, Acidri amebeba mashine, Okuonzi nyuma, na watu wanaofuata kila kelele.

"Fundi," Sandra akasema, "hii alama iko ya nani?"

"Iko yako, mama," Baba Shafiki akajibu bila hata kusimama. "Imetoka kwa redio yako."

Watu wakaguna. Yeye huyo mjinga wangu alidhani ukweli unajitetea wenyewe.

"Na redio yangu iko wapi?"

"Muulize baba watoto."

Macho yote kwa Okuonzi. Neno moja tu, na mume wangu angebaki mtu.

"Mimi nilileta redio itengenezwe," Okuonzi akasema. "Huyu mutu aliniambia bado anatafuta kifaa."

Damu ilinipanda. Nilimtajia kiti, nilimtajia vikombe viwili, nilimtajia hata shati alilovaa siku ile. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Bibi ya mwizi atasema nini ingine?" Wakacheka. Acidri akaweka mashine chini, akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko, kwamba kanisa haliwezi kutumia kitu cha namna hiyo.

Baba Shafiki akachukua bisibisi. Akafungua plastiki yake, akatoa transfoma, akampa Sandra kwa mikono miwili.

"Unampa kwa nini?" nikamwuliza mbele ya watu. "Si unakubali kuwa umeiba?"

"Yeye hakuiuza," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja. Wiki mbili alifungua duka asubuhi, akafunga jioni, hajagusa skrubu ya mtu. Mwisho akaenda Arua. Anachomelea nyaya katika chumba cha nyuma cha duka la mtu mwingine, na wateja hawajui ni mkono wa nani. Nyumbani anakuja Jumamosi. Amekonda. Sahani ikija mbele yake anagusa matonge mawili matatu, anaisukuma.

Mwezi uliopita Sandra alinikuta kwenye bomba la maji. Alingoja wengine waondoke.

"Mama Shafiki, nisamehe," akasema. "Mimi nilijua siku ileile. Okuonzi alipofungua mdomo tu, nilijua."

Nilifunga bomba.

"Lakini watu walikuwa wengi. Mwizi angekuwa wangu, watoto wangu wangeitwa watoto wa mwizi. Ilibidi awe wako."

Nikamwambia aende Jumapili aseme hayo mbele ya kanisa, vilevile, na sauti ileile. Akainamisha kichwa, akasema hawezi. Nikamwambia basi asinisalimie tena mpaka mmoja wetu azikwe, na nikaondoka na dumu langu likiwa nusu.

Jumamosi alipokuja nilimwambia Baba Shafiki kila neno. Alikuwa ameshika tonge. Akaliweka chini.

"Kwa hiyo anajua kwamba sikuiba," akasema.

"Anajua. Na hatasema."

Akavuta sahani karibu, akala chakula chote, akaniomba kingine. Nilimpakulia nikiwa nalia, nina hasira na Sandra, na Okuonzi, na mji huu wote, na zaidi ya wote nina hasira na yeye, kwa sababu kitu kidogo kama hicho kilimtosha.