Sauti ya Shosho na Chupa ya Soda

Simu ile niliipenda, niseme ukweli. Aliniuzia mteja wangu mmoja pale saluni Kilimani ninaposuka nywele, alipojinunulia mpya. Nilipomrekodi shosho, nyanya yangu mzaa mama, akiimba nyimbo za kanisa huku akifuta vumbi kwenye rafu za duka lake kule Waithaka, simu ilinasa hata ile pumzi anayovuta kabla ya ubeti. Waliotengeneza kitu kama hicho siwezi kuwatukana. Mtu fulani, mahali nisipopajua, aliketi akahangaika hadi pumzi ya bibi kizee isikike. Nilimwombea heri huyo mtu.

Kisha shosho akafanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi. Siku hizi hunong'ona tu, na kuimba hawezi. Nyimbo zake zikawa zimebaki ndani ya simu yangu, basi.

Hapo ndipo ujumbe wa kampuni iliyoitengeneza simu ulipoanza kuingia: nafasi imejaa, lipa kila mwezi, la sivyo rekodi za zamani zitafutwa. Kulipa kila mwezi singeweza, na kioo chenyewe kilikuwa kimeanza kufifia. Nikapata simu ya bei nafuu, ya kampuni nyingine, nikahamisha nyimbo zote. Zikafika na majina yake vizuri kabisa. Nikabonyeza wimbo wa kwanza. Kimya.

Nikashuka River Road kwa fundi wa simu, kijana mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Alijaribu kila alichojua, mwishowe akanirudishia simu zote mbili polepole, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.

"Siste, hizi nyimbo zinajua lugha ya simu ya kwao tu," akasema. "Zikitoka nyumbani zinakuwa bubu."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia hiyo ni ngeta, haina tofauti na kukabwa shingo uchochoroni uambiwe toa kila kitu. Akacheka, akasema wa ngeta angalau hukukaba mara moja akaenda zake. Huyu atakukaba kila mwezi na risiti akutumie. Akakataa malipo yangu.

Nikaenda Waithaka kumweleza shosho, roho mkononi. Nikiwa katikati ya habari, akaingia jirani na chupa tupu, akataka soda. Kwetu soda ya chupa huondoki nayo dukani bila kuacha chupa tupu badala yake. Jirani mwenyewe akasema hiyo chupa ilitoka duka la Kawangware. Shosho akaipokea, akaitia kwenye kreti, akampa soda baridi.

Alipotoka nikamuuliza shosho kwa nini hakumrudisha Kawangware, ama kwa nini asikatae chupa za maduka mengine ili watu wazoee kununua kwake tu. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Chupa ni ya kushika soda, mami," akanong'ona. "Si ya kushika mtu."

Nilicheka, halafu macho yakajaa. Nimesikia watu wa maana pale saluni wakisifu biashara zao, lakini sijasikia biashara ikielezwa vizuri hivyo.

Akauliza kama simu ya zamani bado inaimba. Nikasema inaimba, ila ndani yake tu. Akachukua ile ya bei nafuu, akaigeuzageuza.

"Na hii haina masikio?"

Mimi na fundi wangu, pamoja na ujanja wetu wote, hilo hatukuliwaza. Mimi na shosho tukapindua kreti tupu, tukaweka simu mbili zikitazamana kama wazee wanaoamkuana. Moja ikaimba, nyingine ikasikiliza na kurekodi, wimbo baada ya wimbo, hadi zikaisha.

Bado nasema yale ya kampuni ni ngeta, ya watu wastaarabu. Na bado naisifu ile simu, kwa sababu sauti ile ilinasa yenyewe, hakuna aliyeilazimisha. Nakala zangu hazina usafi wa zile rekodi za kwanza. Ndani ya nakala hizo kuna kuku, kuna mtu anayeomba maziwa, kuna chupa zikigongana. Na ukisikiliza kwa makini kwenye ule wimbo wa mwisho, utasikia mnong'ono ukifuata maneno kwa chini. Shosho aliimba pamoja na shosho, na sauti zote mbili ninazo.