Vyuma Viwili na Miwani

Fundi wa tairi, ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole, alikuwa na siri moja aliyoilinda kuliko meno yake yaliyobaki: macho yalikuwa yamemtupa mkono.

Mkewe alishajua, maana wake hujua. Miezi mitatu nyuma alimnunulia miwani. Vidole akaikataa katakata. "Fundi akivaa miwani, wateja wanaanza kumtafutia mrithi," alisema.

"Haya," mkewe akajibu. "Ila siku utakayoharibu kazi ya mtu kwa macho hayo, vyuma vyako vya kuvishia tairi navifungia kabatini." Na mama yule akisema, amesema. Vidole akajaribu kumlainisha kwa maneno yake ya kila asubuhi, kwamba hajazeeka hata siku moja tangu amwoe. Mama akacheka, lakini neno lake hakulifuta.

Basi Jumatano moja mwalimu mstaafu akaleta magurudumu manne ya gari lake la kale, yenye spoku nyembamba na tairi mpya za kuvishwa. Jumamosi gari lilikuwa linakwenda kwenye maonyesho. Gereji yenye mashine ilikuwa imemchubulia rangi ya rimu moja, kwa hiyo safari hii alitaka mkono wa mtu.

Mkono akaupata. Vidole alipaka ukingo wa tairi maji ya sabuni, akanyunyiza poda ndani, akaitia tyubu pumzi kidogo ili isijikunje. Kisha akapiga goti juu ya tairi na kuanza kuusukuma ukingo ndani ya rimu kwa vyuma viwili alivyovivisha ngozi, shibiri kwa shibiri, kidole kikitangulia kupapasa tyubu isije ikabanwa. Shibiri ya mwisho ndiyo huwaumbua wenye pupa. Yeye aliibembeleza mpaka ikaingia yenyewe. Ilipofika alasiri, zote nne zilikuwa zimekaa, na hakuna iliyovuja hata tone la hewa. Macho ya nini?

"Mama watoto!" aliita. "Njoo uone kazi ya kipofu wako!"

Mkewe akatoka akijifuta mikono. Akayatazama magurudumu yaliyopangwa ukutani, moja moja, akainamia la mwisho.

"Hizi tairi si zina mstari mweupe ubavuni?"

"Ndio urembo wake huo."

"Hii ya nne, urembo umeuelekeza kwenye uvungu wa gari. Aje kuutazama nani, paka?"

Honi ya teksi ikalia nje. Mwalimu huyo! Vidole akahisi jasho la miaka arobaini ya sifa likimshuka mgongoni. Lakini mkewe alikwisha kuchungulia getini. "Bado moja, mwalimu! Fundi wangu halipui kazi. Rudi baada ya saa moja."

Teksi ikaondoka na mwalimu wake. Mama akaviokota vyuma viwili, akaingia navyo ndani, na ufunguo wa kabati ukasikika ukizunguka.

Vidole aliketi juu ya ndoo. Aliogopa kweli. Bila vyuma vile angekuwa mzee tu wa kuulizwa kama ameshakula. Mwishowe akajikokota hadi ndani, kichwa chini.

Mkewe akafungua kabati. Vyuma vilikuwa vimelala rafuni, na miwani juu yake.

"Vinatoka pamoja, au havitoki."

Akavaa. Akaona misumari ya kabati, akaona vumbi, kisha akamwona mkewe.

"He! Mvi zote hizi?"

"Mwaka wa nane sasa."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie ya nini? Kila asubuhi ulikuwa unaniambia sijazeeka." Akageukia dirisha. "Nilipoinunua hiyo miwani, nilijua ninachokipoteza."

Vidole akachukua vyuma vyake, akatoka, akaibandua tairi ya nne na kuigeuza, mstari mweupe nje. Alipoimaliza, alirudi mlangoni, akaisukuma miwani juu ya pua kwa kidole chenye sabuni, akamtazama mkewe kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, bila haraka.

"Nimekagua," alisema. "Hujazeeka."