Nafasi ya Jezi Moja

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, waya wa kuanikia nguo wa mama yangu ulishinda mtupu kutwa. Najua utacheka, utasema waya mtupu una nini cha kukumbukwa na mzee mzima. Subiri nikueleze. Chai bado ya moto, na mimi siku hizi sina anayeningoja popote.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, miaka ile nchi imepata uhuru na bendera bado mpya. Mtaa wetu ulikuwa na timu ya mpira. Jezi zake zilikuwa za kijani, zimeshonwa na mafundi wa mtaani kutoka jora moja la kitambaa. Kila baada ya mechi, beseni la jezi chafu lilipelekwa nyumbani kwa mchezaji mmoja, kwa zamu, na mama yake ndiye anayezifua. Ukipita njiani ukaona uani kwa mtu kumejaa kijani, unajua wiki hii ni ya kwake.

Mama yangu alikuwa mjane, anauza sambusa, na hakuna aliyemkumbuka watu wakubwa walipokutana. Lakini zamu yake ikifika alizianika upande wa barabarani, kisha akakaa mlangoni kupokea salamu. Jezi yangu ilikuwa namba saba. Hiyo aliianika mwanzo wa waya, karibu na lango, ili ionekane kabla ya zingine.

Kipa wetu aliitwa Issa, jirani yangu ukuta kwa ukuta, tumekua tukila sahani moja. Kocha alikuwa Mzee Rajabu, fundi wa magari, ambaye ungeongea naye nusu saa nzima unaona miguu yake tu, mwili wote uko chini ya gari.

Basi nikafaulu mtihani, nikaingia kolegi moja ya mapadri, shule ya sekondari kule juu kilimani. Wengi darasani walikuwa watoto wa Rohero, mtaa wa wenye nacho, baba zao wanafanya kazi wizarani na benki, wanaletwa kwa gari. Mimi nafika kwa miguu, na viatu vyangu ni vya tairi. Hawakunipiga wala hawakunitukana, nisiwasingizie. Walikuwa hawanioni tu. Nilikula peke yangu muda mrefu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Siku waliponiona ninavyokimbia pembeni na mpira, ndipo mmoja wao akaniuliza jina, na mwingine akanisogezea kiti mezani. Mwanangu, nilifurahi mpaka nikasahau chakula mbele yangu.

Hazikupita siku nyingi, ikapangwa mechi kati ya kolegi na timu ya Buyenzi, Jumapili, kwenye uwanja wetu wa vumbi. Nikaambiwa nitavaa jezi nyeupe ya kolegi. Nikakubali. Ni shule yangu, ningekataaje? Tabu ni kwamba sikumwambia mtu nyumbani.

Jumamosi nilirudi mtaani kama kawaida. Nikapita gereji, nikamwamkia Mzee Rajabu, nikanywa chai yake. Nikakaa kibarazani na Issa, akanieleza namna tutakavyowatoa jasho wale watoto wa Rohero, nami naitikia. Mama akatia makaa kwenye pasi, akainyoosha namba saba, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Kila mara nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia nitasema asubuhi. Asubuhi ilipofika nikamwambia Mama naenda kumwona mwenzangu wa shule, nikaondoka.

Tuliingia uwanjani na lori la kolegi, wenzangu wanaimba Kifaransa. Nilimwona Issa amesimama golini, anaangalia njia ya kwetu. Alikuwa ananingoja. Na kando ya uwanja Mama alisimama na jezi ya kijani mikononi, bado imekunjwa, anamuuliza kila anayepita kama ameniona. Halafu akaniona.

Tulicheza. Mpira ukanijia, nikafunga goli. Issa hakuruka. Alinitazama tu, mpira ukampita. Nilizoea kelele za uwanja ule, lakini siku hiyo watu wa kwetu hata hawakunizomea. Heri wangenizomea. Nilipogeuka kumtafuta Mama, alikuwa ameshaondoka, na ile jezi ameirudisha kwa Mzee Rajabu.

Mechi ilipokwisha tukapanda lori. Wenzangu walikuwa wanakwenda nyumbani kwa mmoja wao kule Rohero, kunywa limonadi na kusherehekea. Lori likasimama mwisho wa mtaa wetu.

“Yusufu, si unakaa hapa? Shuka basi, à demain! Tutaonana kesho!” mmoja akaniambia, tena kwa wema kabisa.

Hakuna aliyekumbuka kunialika. Nikashuka na jezi yao nyeupe mwilini, nikapita vichochoro vya kwetu kichwa chini, na sijawahi kujiona mpweke vile katika mji niliozaliwa.

Kesho yake sikwenda shule. Nilisingizia homa. Zamu ya kufua ilikuwa ya Mama, naye alikuwa amekwisha chota maji na kukata sabuni ya mche. Tukasikia wanaoleta beseni wanakuja kichochoroni. Wakafika langoni kwetu, wakapita, wakaingia kwa kina Issa. Mama aliyamwaga yale maji kwenye mchicha, taratibu, na siku nzima hakuanika hata kanga kwenye ule waya.

Nikaenda gereji nimefura.

“Mzee, mama yangu amekosa nini?”

Mzee Rajabu akatoka chini ya gari, akajifuta mikono.

“Mama yako hana kosa. Na we kucheza na kolegi, ile haiko kosa, kule ndiko unasoma. Lakini Jumamosi ulikuja hapa, ukakunywa chai yangu, na haukusema kitu. Ulituacha tukuone mu jezi ya watu wengine. Mama yako akabaki anatafuta mutoto wake mu uwanja muzima.”

Machozi yakanitoka. Nikamwambia kule juu nako hawanitaki, wameniacha njiani. Nilitegemea anionee huruma.

“Sasa ulitaka pande zote mbili zikupigie makofi?” akasema. “Enda kwa Issa. Sema na kinywa chako. Usitume mutu.”

Kisha akarudi chini ya gari, ikabaki miguu.

Nilimkuta Issa uani kwao anakamua jezi pamoja na mama yake. Nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Issa aliendelea kukamua.

“Tulijua uko kolegi, Yusufu,” akasema. “Hatukujua uko na haya na sisi.”

Nikainama nichukue jezi moja nimsaidie. Akaishika upande wa pili, akaivuta polepole mpaka ikatoka mkononi mwangu.

“Apana, acha. Tunamaliza.”

Alinisamehe, mwanangu. Tulisalimiana miaka mingi baadaye. Lakini hakuningoja tena kwenye kona kama zamani, na miaka ile migumu ya watu kukimbia nchi ilipokuja akavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Sikumwona tena. Mpaka leo nikisikia mtu anataja Uvira, nageuka.

Beseni nalo lilirudi kwa Mama zamu iliyofuata, Mzee Rajabu mwenyewe alilisindikiza. Namba saba ilikuwamo, sasa inavaliwa na kijana mwingine. Mama aliifua kwa uangalifu uleule, akaianika katikati ya zingine. Mwanzo wa waya, karibu na lango, akaacha nafasi ya jezi moja. Nikamuuliza mbona pale hajaanika kitu.

“Paache tu,” akasema.

Akaiacha hivyo kila zamu, mpaka mikono ilipochoka kufua.

Sasa nakuambia wewe, unayekwenda wiki ijayo kwenye shule ya watoto wenye magari. Nenda. Kaa mezani kwao, cheza nao, vaa jezi yao ukipewa. Sikukatazi, na anayekukataza hakupendi. Lakini siku utakapolazimika kusimama upande wa pili wa watu wako, tangulia uwaambie mwenyewe, wakiwa wamekaa na wewe umekaa, kabla hawajakuona kwa mbali. Watakasirika, wacha wakasirike. Hasira ya mtu uliyemwambia huisha. Na ukipata makofi ya upande mmoja, usililie ya upande wa pili. Kesho, kabla hujafunga sanduku lako, pita kwa rafiki yako. Kisha ukae na mama yako umwambie yote, hata yale unayoogopa.

Mungu akufungue kinywa siku ambayo maneno yatakuwa mazito, akupe wenzako wa kula nao huko unakokwenda, na akujalie, mwanangu, mama yako asiache nafasi yako wazi kwenye waya wake. Amina.