Mursik ya Mheshimiwa

Mtu akimlaumu Priscah mbele yangu tutakosana, nasema mapema. Mimi Esnah nauza mandazi pale kituo cha majani chai, na kila siku nasikia wateja, "Lakini nani alimwambia ang'oe chai yake?" Nani alimwambia! Si nyinyi nyote mlikuwa hapo mkipiga makofi?

Priscah ni jirani yangu tangu nilipotoka Kisii kuja kuchuma chai huku Bomet. Mumewe alikufa zamani, akamwachia shamba dogo na mtoto mmoja, Winny. Winny alipobeba mimba ya kwanza, uchungu ulimshika wakati wa mvua. Barabara yetu wakati wa mvua ni uji. Mtoto alifia njiani kabla hatujaona lami, na tangu siku hiyo Priscah akawa na ombi moja tu kwa Mungu: hospitali ya karibu, binti yake asizalie tena njiani.

Sasa Mheshimiwa akaja kutafuta kura. Akasema pesa za dispensari ziko tayari, kinachokosekana ni shamba tu. Watu wakaangalia viatu vyao. Priscah akasimama, akatoa kipande cha kando ya barabara, chai bora kuliko yote, ile mumewe aliipanda kwa mkono wake. Aling'oa mwenyewe. Kung'oa chai si kama kung'oa sukuma wiki, jamani, mgongo ulimuuma mpaka akawa analala ameketi.

Siku ya jiwe la msingi alimletea Mheshimiwa mursik, yale maziwa ya kuchacha ndani ya kibuyu kilichosuguliwa masizi, ambayo Wakipsigis humpa mtu wanayemheshimu. Akakipamba kibuyu kwa shanga. Mheshimiwa akanywa mpaka masizi ya kibuyu yakamkaa mdomoni.

"Mama Winny," nikamwuliza, "una hakika na huyu mtu?"

Akanicheka. "Esnah, wewe ni Mgusii, hii huwezi kujua. Mtu akikunywa mursik yako mbele ya watu, hawezi kukugeuka."

Hilo ndilo kosa lake, kama mnataka kuliita kosa. Alifikiri yule mtu ana aibu.

Nyumba ilijengwa, siwezi kudanganya. Mabati ya bluu, kuta nyeupe, na jina la Mheshimiwa kubwa kuliko neno lenyewe dispensari. Utepe ukakatwa, tukacheza mpaka jasho. Nesi akaja, akakosa dawa, akakosa maji, akakaa wiki moja akahamishwa. Wakafunga kufuli. Tukiuliza ofisi hii tunatumwa ile, tukifika ile tunarudishwa hii. Mwishowe tukachoka kuuliza.

Winny akabeba mimba tena. Siku ilipofika tulikuwa kando ya barabara tukingoja gari, na mvua ikamwagika, ile ya mawe. Tukampandisha kwenye veranda ya dispensari. Hapo hapo akajifungua, juu ya leso yangu, mgongo wake ukiegemea ule mlango uliofungwa. Mtoto msichana akalia vizuri tu. Lakini damu ilikataa kukatika.

Priscah akaanza kuupiga mlango kwa ngumi. Alijua hakuna mtu ndani, sisi sote tulijua. "Fungueni!" akapiga kelele. "Fungueni, hii ni shamba yangu!" Gari lilipopatikana tulimbeba, na Winny akakata roho kabla ya kufika mjini Silibwet. Sitaongea zaidi juu ya siku hiyo. Nikiongea nitatukana, na mimi ni mtu wa kanisa.

Mtoto tulimwita Cherop, wa mvua. Nyanyake anamlea kwa maziwa ya ng'ombe.

Haya. Siasa ikarudi, na Mheshimiwa naye. Mara hii alikuja kufungua upya dispensari. Kufungua nini, ilhali hata nesi hakuja naye? Alikuja na rangi mpya na spika za muziki. Kijana wake mmoja akamwambia Priscah, "Mama, usisahau ile mursik yako. Mheshimiwa anaipenda."

"Sitasahau," akasema Priscah.

Asubuhi ile nikamsaidia kubeba kibuyu. Kilikuwa na shanga zake zote, kimefunikwa vizuri. Lakini kilikuwa chepesi.

"Mama Winny, hujaweka maziwa."

"Leo atakunywa kile alituletea," akajibu.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha, sitaficha. Nikasema leo ndio leo, huyu mtu ataaibika mbele ya watu wote. Priscah akapanda jukwaani na Cherop mgongoni, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Mheshimiwa akakipokea. Nilimwona akishtuka, kwa sababu mkono unajua uzito. Akamtazama Priscah. Akatazama simu zilizoinuliwa kumpiga picha.

Halafu akanywa. Wallahi nawaambia, alikunywa! Akainua kibuyu kitupu, koo likapanda na kushuka, akajipangusa mdomo. "Tamu sana!" akasema kwa maikrofoni. "Mursik ya nyumbani!"

"Hakuna kitu ndani!" Priscah akalia. "Watu, hakuna kitu ndani!"

Nani alimsikia? Muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Watu wakapiga makofi, wengine wakampungia Priscah mkono wakidhani anashangilia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na bibi mmoja akaniambia ninyamaze nisimharibie mama wa watu siku yake.

Sasa ile picha ndiyo bango lake la kura. Iko Bomet, iko Mulot, na moja wameibandika kwenye mlango wa dispensari, juu ya kufuli. Mheshimiwa anakunywa hewa, na kando yake Priscah amefungua mdomo, utadhani anaimba.

Jana nikipita hapo na beseni yangu, nikamkuta Priscah anachimba mashimo mbele ya ule mlango. Cherop amelala mgongoni, na miche ya chai iko ndani ya gunia.

"Mama Winny," nikasema, "chai inachukua miaka kabla ya kuchumwa."

Hakuinua kichwa. "Najua. Nitachuma kabla nesi aje."

Nikaweka mandazi chini, nikaingia kumsaidia. Mche wa kwanza tuliupanda chini ya veranda, pale damu ya Winny ilipotiririkia.